KABURETA ZILIZOLALA

Mazungumzo juu ya kuiamsha pikipiki ya zamani

Katika maisha ya pikipiki kuna siku moja iliyo ya hatari kupita siku zote za safari zake. Siku hiyo si ile iendapo mbio barabarani, wala si ile ipandapo mlima na mzigo mzito. Ni siku ile mlango wa banda unapofunguliwa baada ya miaka mingi, vumbi likapanguswa juu ya tangi, na mtu mwenye furaha akasimama kando ya kiki, tayari kuipiga kwa mguu. Mtu huyo hutaka kusikia sauti ambayo haijasikika tangu zamani. Akiipiga kiki kabla ya kufanya kazi yake, aweza kuharibu kwa dakika moja kitu kilichotunzwa kwa miaka thelathini.

Mazungumzo haya yahusu sehemu moja tu ya pikipiki, nayo ni kabureta. Imechaguliwa kwa sababu watu wengi huilaumu kuliko sehemu nyingine yo yote, na walio wachache ndio wanaoielewa. Mtu akiona injini haiwaki husema, "Kabureta imekufa," kisha hununua nyingine. Mara nyingi kabureta haikufa. Imelala tu, na chakula kilichoachwa tumboni mwake kimeoza.

PIKIPIKI YENYEWE

Ili mambo haya yaeleweke vizuri, na ifikiriwe pikipiki moja ya Kiingereza: Triumph Bonneville T120 iliyotengenezwa mwaka 1969 katika kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry. Aina hii ilianza kuuzwa kama pikipiki ya mwaka 1959, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 649 na silinda mbili zilizosimama sambamba. Ilipewa jina la Bonneville kwa kukumbuka uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikwenda zaidi ya maili 210 kwa saa katika chombo kirefu kilichoendeshwa na injini ya Triumph. Kiwanda cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, lakini pikipiki zake zingalipo katika nchi nyingi, na wenye kuzipenda ni wengi.

Fahari ya Bonneville ilikuwa kabureta mbili, moja kwa kila silinda, hali pikipiki nyingi za silinda mbili za siku zile zilikuwa na moja tu. Kabureta hizo zilitengenezwa na Amal, kampuni iliyozaliwa mwaka 1927 kwa kuunganishwa watengenezaji watatu wa kabureta: AMAC, Brown & Barlow, na Binks. Bonneville za kwanza zilikuwa na kabureta ziitwazo Monobloc. Kuanzia mwaka 1967 zikaja zile ziitwazo Concentric, ambazo bakuli yake ya petroli imekaa chini kabisa na kuizunguka jeti kubwa. Pikipiki ya mfano huu inazo mbili za Concentric zenye koo la milimita 30: R930 upande wa kulia, na L930 upande wa kushoto.

Na ifikiriwe tena ya kuwa mwenyewe aliiingiza bandani majira ya baridi yalipoanza, akanuia kuitoa wakati wa joto. Wakati wa joto ukaja, akawa mgonjwa. Mwaka mwingine alikuwa na shughuli. Hatimaye akafa, na pikipiki ikabaki chini ya turubai mpaka mwanawe alipokuwa mtu mzima na kuuliza ufunguo uko wapi. Hakuna aliyemwaga petroli. Kwa mwana huyo, chombo hiki si chuma tu. Ndicho alichopandishwa nyuma yake alipokuwa mtoto, na akiivunja injini hatapata nyingine iliyoshikwa na mikono ile. Hadithi kama hii ni ya mabanda mengi.

KAZI YA KABURETA

Petroli ya maji haiwaki vizuri ndani ya silinda. Sharti ipasuliwe iwe kama ukungu na kuchanganyika na hewa kwa kipimo. Aliyepata kulitumia bomba la kupulizia dawa ya mbu amekwisha kuiona kazi hii. Mkono husukuma hewa, hewa hupita kwa kasi juu ya ncha ya mrija, na dawa hupanda yenyewe kutoka kikoponi na kuruka ikiwa mvuke. Katika pikipiki, badala ya mkono, ni pistoni inayovuta hewa inaposhuka. Hewa hupita katika koo la kabureta, na petroli hupanda kutoka katika bakuli.

Lakini injini haitaki kipimo kile kile wakati wote, na kwa hiyo kabureta ya Amal imegawa kazi kwa watumishi wanne. Mshikio ukiwa umefungwa, au umefunguliwa kidogo tu mpaka sehemu ya nane, kazi ni ya jeti ndogo ya mwendo wa polepole. Kutoka sehemu ya nane mpaka robo, kazi ni ya mkato ulio chini ya kilango, yaani kile kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka katika koo. Kutoka robo mpaka robo tatu, ni ya sindano iliyoning'inia katika kilango na jeti inayoizunguka. Kutoka robo tatu mpaka mwisho, ni ya jeti kubwa. Mtu akiyashika haya moyoni, pikipiki yenyewe itamwambia ni mtumishi yupi aliye mgonjwa. Ikikataa kunguruma polepole lakini ikaenda vizuri ikikimbizwa, hana haja ya kuisumbua jeti kubwa.

UGONJWA WA KULALA

Petroli si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vilivyo vyepesi hutoroka kwanza, navyo ndivyo vinavyosaidia injini baridi kuwaka. Vilivyo vizito hubaki, na kwa muda hukutana na hewa na kugeuka kuwa utomvu wa rangi ya kahawia, wenye harufu kali kama ya rangi iliyochacha. Utomvu huo hukauka katika matundu. Sehemu za shaba ya manjano huota ukungu wa kijani. Mwili wa kabureta, ambao ni wa aloi ya zinki, huota unga mweupe mahali maji yalipokaa.

Siku hizi kuna jambo jingine. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida iuzwayo katika vituo vya Uingereza inaweza kuwa na ethanoli mpaka asilimia 10. Ethanoli hunywa unyevu wa hewa. Ikishiba maji, mchanganyiko hutengana, na maji pamoja na ethanoli hushuka chini ya tangi na chini ya bakuli, mahali pale pale penye jeti. Tena mipira na plastiki za zamani hazikutengenezwa kwa ajili yake: baadhi hulainika, baadhi huvimba. Kwa hiyo pikipiki iliyolazwa miaka mitano iliyopita yaweza kuwa mgonjwa kuliko ile iliyolazwa miaka thelathini iliyopita.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kazi ya kwanza si ya kabureta. Ni ya tangi. Mtu akisafisha kabureta vizuri kabisa, kisha akazifungulia petroli kutoka katika tangi lenye kutu, amefanya kazi ya bure, maana kabla ya jua kuchwa zitakuwa zimeziba tena. Petroli ya zamani imwagwe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, mbali na moto, na ipelekwe mahali panapopokelewa taka za namna hiyo. Isimwagwe mtaroni wala shambani. Tangi lisafishwe, koki zifunguliwe na chujio zake zioshwe, na mipira yote ya petroli itupwe na kuwekwa mipya inayostahimili ethanoli.

Kazi ya pili ni mahali. Pawe penye hewa, pasiwe na jiko wala taa ya moto wala mtu anayevuta sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka ukutane na moto ulio mbali. Chombo cha kuzimia moto kiwe karibu, na macho yafunikwe kwa miwani ya kazi, kwa maana dawa ya kusafishia ikipulizwa katika tundu moja hutoka kwa nguvu katika tundu jingine, na mara nyingi tundu hilo huelekea jicho la fundi.

Kazi ya tatu ni kumbukumbu. Picha zipigwe kwa simu kabla ya kufungua cho chote, tena kabureta ifunguliwe moja kwa wakati, ili ile ya pili ibaki kuwa kielelezo. Vipande vya kulia visichanganywe na vya kushoto. Vilango vimesuguana na mwili wake kwa miaka mingi, na kila kimoja kimezoea nyumba yake.

KUFUNGUA

Kifuniko cha juu kina skrubu mbili. Kikiinuliwa, hutoka springi, kilango, sindano na choki. Ikiwa kilango kimeshikwa na utomvu, kisivutwe kwa koleo. Kabureta iondolewe kwa kufungua nati mbili za flanji, ilowekwe katika dawa ya kuyeyusha utomvu, na iachwe usiku kucha. Maji ya moto kidogo kwa nje nayo husaidia, baada ya petroli yote kumwagwa. Aloi ya zinki si chuma cha pua: ikikazwa katika jiliwa hupindika, ikipigwa nyundo hupasuka.

Chini kuna skrubu mbili za bakuli. Ndani yake mna boya jeupe la plastiki na kizibo chake kidogo chenye ncha. Katika mwili mna kishikio cha jeti: chini yake imefungwa jeti kubwa, na juu yake jeti ya sindano. Pembeni mna skrubu mbili. Moja ni ya hewa ya mwendo wa polepole, na nyingine huinua kilango kidogo ili injini isizime. Zote mbili zina pete ndogo za mpira, nazo kwa kawaida zimekuwa ngumu kama gome. Pete zote na gaskiti zote zitupwe. Vipya ni vya bei ndogo, na vya zamani ni chanzo cha hewa ya wizi.

Bisibisi iwe ya kipimo cha skrubu. Jeti ya shaba yenye mdomo uliokatikakatika ni ushahidi wa fundi aliyetumia bisibisi ya kwanza aliyoiona.

TUNDU DOGO KULIKO YOTE

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu ameosha mwili ukang'aa, ameweka jeti mpya, ameweka gaskiti mpya, lakini injini haitaki kunguruma polepole. Huwaka kwa shida, hupiga chafya, na kuzima mara mshikio unapofungwa. Hununua plagi, hubadili waya, hulaumu umeme. Sababu ni moja: jeti ndogo imeziba.

Katika Concentric nyingi za namna hii jeti ndogo haifunguki. Ni kijiti cha shaba chenye tundu, kilichoshindiliwa ndani kabisa ya mwili, ng'ambo ya mahali inapoingia skrubu ya hewa. Jicho halilioni tundu lake, dawa huipita, na hewa ya pampu hupita njia nyingine iliyo rahisi. Upana wa tundu hilo ni inchi 0.016, yaani kama sehemu nne za kumi za milimita moja. Utomvu kidogo usiotosha kuchafua kucha hulifunga kabisa.

Dawa yake ni kipande cha keekee namba 78, ambacho kipimo chake ni inchi 0.016 barabara. Kishikizwe katika kijiti kirefu chembamba, kipitishwe katika tundu la skrubu ya hewa, moja kwa moja mpaka kiguse shaba, kisha kizungushwe kwa vidole tu. Kisifungwe katika mashine hata kidogo. Kazi yake si kutoboa bali ni kuchokonoa. Kikikatika ndani, mwili umekwisha, na tundu likipanuliwa hata kwa unywele, injini itakunywa petroli kupita kiasi siku zote. Baada ya hapo dawa ipulizwe katika tundu la skrubu, na fundi atazame kooni. Huko mna matundu mawili madogo, moja mbele ya kilango na moja nyuma yake. Ukungu wa dawa ukitoka katika yote mawili, kazi imekubali. Ukitoka katika moja tu, kazi haijesha.

Fundi mwenye saburi aweza kutumia saa nzima kwa tundu hili moja. Saa hiyo ndiyo yenye thamani kuliko saa nyingine zote za kazi hii. Mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, ambayo sasa hupatikana kwa bei nafuu, husaidia sana kwa uchafu wa jumla, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kuhakikisha tundu hili.

KILANGO NA FLANJI

Jambo linalofuata si la kupoteza fedha tu, bali ni la kupoteza maisha. Kilango sharti kishuke chenyewe, kwa springi yake, kila mshikio unapoachwa. Kikikwama juu, pikipiki haitapunguza mwendo hata mwendeshaji akifunga mshikio, na kona iliyo mbele haitamngoja.

Kilango hukwama kwa sababu tatu. Ya kwanza ni utomvu au uchafu. Ya pili ni kuchakaa: kilango cha zinki kikisuguana na mwili wa zinki kwa miaka, hupata mikwaruzo na kucheza upande kwa upande. Ya tatu ni mkono wa fundi mwenyewe. Watu huona petroli au hewa ikivuja kwenye flanji, wakazikaza nati mbili kwa nguvu zao zote. Flanji hujipinda kama upinde, na koo lililokuwa duara huacha kuwa duara. Kilango kilichokuwa kikiteleza vizuri juu ya meza hushikwa mara kabureta inapofungwa katika injini.

Uso wa flanji upimwe kwa kuulaza juu ya kioo kinene kilichonyooka. Ukicheza, umejipinda. Kama ni kidogo, usuguliwe polepole juu ya msasa laini uliobandikwa juu ya kioo hicho, huku vumbi likizuiwa lisiingie katika matundu. Kisha pete mpya ya mpira iwekwe, na nati zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kiasi cha kuibana pete tu. Kilango kijaribiwe kabla ya kukaza na baada ya kukaza. Kama kimechakaa mno, vipo vilango vipya vya aluminiamu iliyofanywa ngumu usoni, vinavyostahimili msuguano kuliko vile vya zinki. Kampuni ya Burlen ya Salisbury, Uingereza, ndiyo inayotengeneza kabureta za Amal na vipande vyake siku hizi, ikiwa ni pamoja na Concentric ambayo jeti yake ndogo hufunguka kwa bisibisi, jambo ambalo wamiliki wengi walilitamani kwa miaka.

BOYA NA KIMO CHA PETROLI

Bakuli ikijaa mno, petroli humwagika juu ya injini yenye moto. Ikijaa kidogo mno, injini huona njaa na kupata joto kali. Kimo hicho hulindwa na boya na kizibo chake. Boya litikiswe karibu na sikio: kama mna maji ndani, limepasuka. Ncha ya kizibo itazamwe kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa na mstari uliochimbika, kiwekwe kipya. Yapo maboya mapya yasiyoogopa ethanoli, yenye ulimi wa chuma unaoweza kukunjwa kidogo ili kimo kirekebishwe. Kimo chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha kiwanda, na hicho ndicho kifuatwe. Ukubwa wa jeti nao ufuate kitabu, wala si maneno ya rafiki. Jeti ya sindano kwa injini hii ni ya inchi 0.106. Huliwa na sindano inayocheza ndani yake, na kwa kuwa jicho haliwezi kuona kuliwa huko, ni afadhali ibadilishwe.

KUZIRUDISHA NA KUZILINGANISHA

Kabureta mbili zafaa kufanya kazi kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Mmoja akivuta kabla ya mwenziwe, jembe hupinda. Katika Bonneville waya mmoja hutoka katika mshikio, kisha hugawanyika kuwa nyaya mbili. Injini ikiwa imezimwa, kidole kimoja kiwekwe katika kila koo, na mshikio uzungushwe taratibu. Vilango vyote viwili viinuke kwa wakati mmoja. Kama kimoja chatangulia, waya wake urekebishwe mpaka viende pamoja. Tena usukani uzungushwe kulia na kushoto kabisa: vilango visijiinue.

Skrubu za hewa zifungwe taratibu mpaka zikae, kisha zifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni mahali pa kuanzia. Ikumbukwe ya kuwa skrubu hii hupima hewa, si petroli. Kuifunga ni kuzidisha petroli katika mchanganyiko, na kuifungua ni kuipunguza.

KUWASHA

Kabla ya kiki ya kwanza, plagi zitolewe, oili kidogo itiwe katika kila silinda, na injini izungushwe polepole ili isije ikakwaruzwa ikiwa kavu. Oili ya zamani imwagwe na mpya itiwe. Kisha petroli mpya ifunguliwe, na mtu asimame atazame kwa dakika kumi bila kuwasha. Kama kuna tone, lirekebishwe kwanza. Injini iwashwe nje ya banda, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka, nayo huua katika chumba kilichofungwa. Mkono uwe karibu na swichi ya kuzimia.

Injini ikiisha kupata joto, izimwe, na waya wa plagi ya kushoto utolewe na kuunganishwa na chuma cha injini. Iwashwe kwa silinda ya kulia peke yake, na skrubu zake zirekebishwe mpaka ingurume polepole bila kuyumba. Kisha upande wa kushoto ufanyiwe vivyo hivyo. Waya zote mbili zikirudishwa, injini itakwenda kasi mno. Skrubu za vilango zifunguliwe sawasawa pande zote mbili mpaka sauti itulie. Katika safari ya kwanza mwendo uwe mfupi, kisha plagi zitazamwe. Masizi meusi huonyesha petroli nyingi. Weupe mkavu na joto kali huonyesha petroli chache au hewa ya wizi. Hili la pili lisidharauliwe, maana silinda yenye njaa ya petroli yaweza kutoboa pistoni.

NENO LA MWISHO

Mwana aliyetajwa hapo mwanzo, kama ataipokea kazi hii kwa utaratibu, hataendesha siku ile ya kwanza. Huenda asiendeshe hata juma la kwanza. Lakini siku atakayopiga kiki, atakuwa anajua kila tundu petroli inamopita, na injini ya baba yake itawaka bila kuumizwa. Akiisha kuendesha na majira ya baridi yakarudi, na afunge koki, amwage petroli ya bakuli zote mbili, na azikaushe. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Ingalifanywa mara ya kwanza, yasingalihitajika haya yote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sheria hii si ya Bonneville peke yake. Pikipiki ndogo ya bodaboda yenye kabureta moja, iliyoegeshwa miezi sita nyuma ya nyumba huko Kisumu au Mombasa kwa sababu mwenyewe alisafiri, huugua ugonjwa ule ule katika tundu dogo lile lile. Kijana atakayeijaribu kwa nguvu atachosha mguu wake na kununua vitu asivyovihitaji. Kijana atakayefungua bakuli, akaosha, akatafuta tundu dogo na kulisafisha kwa uangalifu, huenda akarudi kazini siku ile ile.